Moyo Ukifa Ganzi, Daftari Liandikwe Nini?

Toleo hili tumetenga kurasa za majibu kwa jambo moja ambalo limejirudia katika barua zenu: kutohisi chochote, na kujaribu kuzirudisha hisia kwa njia ya shajara. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi yameondolewa kama walivyoomba.

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto watano, na ninaishi Tabata. Mama yetu alifariki miezi mitano iliyopita baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kwa kuwa baba alikwisha kutangulia, shughuli zote ziliniangukia mimi: hospitali, kamati ya mazishi, michango, jeneza, gari la kupeleka mwili Songea, chakula cha waombolezaji. Kila mtu alinisifu jinsi nilivyojikaza. Sikulia siku ile na sijalia mpaka leo.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Sasa naona jambo lenyewe limeenea. Mwanangu alishika nafasi ya pili darasani, nikampongeza kwa mdomo tu. Mume wangu akinikosea sikasiriki. Chakula nakula kwa sababu saa imefika. Usingizi ninao, kazini naenda, na hesabu za ofisi hazinishindi, ila ndani hamna kitu. Mdogo wangu alisema mbele ya ndugu kwamba nina moyo wa jiwe, na hata hilo halikuniuma, ingawa najua lilistahili kuniuma. Rafiki yangu akanishauri niandike shajara. Nimenunua daftari, na kila usiku naandika "Leo ninahisi", kisha naketi nikiyatazama maneno hayo mpaka nazima taa. Nifanyeje?

*Mzaliwa wa Kwanza, Dar es Salaam*

Jibu:

Dada yangu, pole sana kwa kufiwa na mama, na pole ya pili kwa maneno uliyoambiwa mbele ya ndugu. Katika misiba yetu wapo wanaopewa nafasi ya kulia, na yupo mmoja anayepewa daftari la michango. Huyo wa daftari hulazimika kujua mchele umebaki kilo ngapi, dereva amelipwa nusu au yote, na shangazi anayetoka Njombe atapokewa na nani, na ili ayamudu hayo yote hana budi kuuweka uchungu wake pembeni kwa muda. Tatizo ni kwamba hakuna anayekuja baadaye kumwambia kwamba muda huo umekwisha na sasa ni zamu yake. Matanga yanavunjwa, watu wanarudi makwao, naye anarudi ofisini Jumatatu akiwa bado anajikaza. Kwa hiyo naomba uanze kwa kuliondoa lile neno la jiwe, kwa sababu ganzi uliyonayo haisemi kwamba hukumpenda mama yako. Inaonyesha kwamba ulibeba kazi ambayo isingebebeka kama ungekuwa unahisi kila kitu.

Sasa tuje kwenye daftari. Rafiki yako amekupa ushauri mzuri, lakini sentensi uliyoanza nayo haiwezi kukufikisha popote, kwa kuwa inakuuliza kitu kilekile ambacho huna. Mtu mwenye ganzi akijiuliza "ninahisi nini?" hupata jibu moja, "sihisi kitu," na akilirudia kila usiku anaishia kujithibitishia kwamba ameharibika. Uliza maswali ambayo una majibu yake: nani alikuwepo, alisema nini, mkono wako ulikuwa umeshika nini, ilikuwa saa ngapi. Kumbukumbu za namna hii hazijafa ganzi, nawe kama mtu aliyeendesha msiba mzima bila shaka unazo nyingi na zilizo sahihi.

Nitunge mfano ili tuelewane. Chagua dakika chache tu za siku zile, usichague msiba wote. Tuseme ni asubuhi uliyokwenda kufuata kibali cha kusafirisha mwili. Mara ya kwanza andika yaliyotokea tu: "Jumatano, saa nne. Karani aliuliza jina la marehemu. Nikataja jina la mama. Kalamu yake haikuandika, akaitikisa, akaniomba nirudie." Weka kalamu chini kidogo, usome ulichoandika, kisha andika tena dakika zilezile lakini sasa ukiutazama mwili wako: "Niliporudia jina, koo lilinikauka. Mkono ulioshika bahasha ya vyeti ulikuwa na jasho. Nilikuwa nimesimama ingawa kiti kilikuwepo." Mara ya tatu, endeleza sentensi inayoanza na "nilitamani" au "niliogopa", hata kama unaona kwamba unabahatisha: "Nilitamani kalamu yake isiandike kabisa, kwa sababu niliona kwamba jina likishaingia kwenye kitabu kile, basi ndiyo imekwisha." Sijui wewe utaandika nini mahali hapo, na si lazima kiwe kizito kama hicho, lakini umeona jinsi huzuni ilivyojitokeza yenyewe bila kuitwa kwa jina.

Utaratibu huu wa hatua kwa hatua sikuutoa hewani. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambao wanafunzi 46 wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo madogo yasiyo na uzito, wengine walieleza matukio machungu ya maisha yao kwa kutaja yaliyotokea tu, wengine walieleza hisia zao tu bila tukio lenyewe, na wengine waliunganisha tukio na hisia zake. Waliounganisha hayo mawili ndio ambao katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Waliotaja matukio peke yake hawakutofautiana sana na wale walioandika mambo madogo. Ndiyo maana ninakuomba uanze na karani na kalamu yake, lakini nakuomba pia usiishie hapo. Wewe ni mtu wa hesabu, na nina hofu kwamba ukiachiwa utaniandikia taarifa safi ya msiba, yenye tarehe na gharama, ambayo wewe mwenyewe humo ndani yake.

Hatua ya mwili nimeiweka katikati kwa makusudi. Watafiti wa Finland wakiongozwa na Lauri Nummenmaa walichapisha mwaka 2014 kazi ambayo watu wapatao 700 wa Finland, Sweden na Taiwan walipaka rangi kwenye michoro ya mwili kuonyesha sehemu zinazochangamka au kupoa wakiwa na hasira, hofu, huzuni, furaha na kadhalika, na michoro ya watu wa mataifa hayo tofauti ilifanana kwa kiasi kikubwa. Sisi tunaosema kwamba roho iko juu juu, kifua kimebana au miguu imeisha nguvu hatuhitaji kushawishiwa sana. Kwa mtu ambaye jina la hisia halimjii, kifua, koo, tumbo na mabega huwa vimekwisha kujibu kabla yake, kwa hiyo kwa siku za mwanzo ukiandika tu "mabega yamekaza tangu kile kikao cha asubuhi", umefanya kazi ya kutosha.

Baada ya hapo yatafutie mambo hayo majina. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako andika maneno ya hisia kadiri unavyoyakumbuka, na usiridhike na huzuni na furaha peke yake, kwa kuwa Kiswahili ni kipana: uchungu, kinyongo, majuto, fedheha, unyonge, wivu, wasiwasi, upweke, hamu, kukata tamaa, kutamauka, nafuu. Naam, nafuu pia. Waliomuuguza mzazi kwa muda mrefu mara nyingi huhisi nafuu anapopumzika, kisha wakajionea aibu kwa kuihisi, na aibu hiyo ikafunika mengine yote. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako, lakini neno hilo liwepo kwenye orodha ili ukilihitaji ulikute. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapoipa hisia jina, amigdala, ambayo ni sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu na tahadhari, hutulia kiasi. Nadhani hapo ndipo daftari linapowafaa watu kama wewe: kinachofungiwa kwa kuwa kinatisha huanza kuvumilika kinapokuwa na jina.

Andika kwa dakika 15 au 20, siku tatu au nne, kisha pumzika siku kadhaa kabla ya kuchagua dakika nyingine. Usiandikie kitandani kabla ya kulala, kwa maana utakachokiamsha kitalala na wewe. Afadhali jioni mapema, halafu uinuke uende jikoni au ukaongee na mtu. Kaunta buku ya kawaida inatosha, na wala sioni haja ya yale madaftari ya mapambo yanayouzwa kwa bei ya vitabu viwili. Sarufi isikushughulishe. Na ukiona maandishi yanakupeleka mahali ambapo mikono inatetemeka au unajiona kana kwamba umerudi chumba cha wagonjwa, funga daftari, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona mbele yako, unawe uso, na ushike tukio jepesi zaidi siku nyingine.

Utajuaje kwamba kuna kinachobadilika? Mguu uliokufa ganzi unapoamka huchomachoma kabla ya kupata nguvu, na moyo vilevile haurudi kwa kuanza na furaha. Huenda kitu cha kwanza kikawa hasira ndogo zisizo na maana: kondakta amekuzidishia nauli mia moja ukataka kushuka kwenye daladala. Huenda ukalia kwa sababu ya wimbo wa tangazo, si kaburini. Wanafunzi wa Pennebaker nao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika kuliko wenzao walioandika mambo madogo, na hali hiyo ilipita. Mambo hayo yakikutokea, usidhani kwamba umezidi kuharibika. Na machozi yasipokuja kabisa, usiyafanye kuwa mtihani wa kufaulu au kufeli, maana wapo watu wanaoomboleza kikamilifu kwa macho makavu.

Sitakudanganya kwamba daftari ni dawa kubwa. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za uandishi wa aina hii na kukuta kwamba kwa wastani unasaidia, lakini kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo liwe mojawapo ya mambo utakayofanya. Jingine, na huenda ni kubwa zaidi, ni kuketi na yule mdogo wako na kumsomea ukurasa mmoja, ule wa karani. Yeye alikuona ukihesabu fedha, na huo ukurasa hajawahi kuuona.

Neno la mwisho kwako ni la tahadhari. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inatambua maombolezo yanayoendelea kumlemea mtu kwa zaidi ya miezi sita, na ganzi ya hisia ni mojawapo ya dalili zake. Wewe uko mwezi wa tano, unalala, unakula na unafanya kazi, kwa hiyo sina sababu ya kukutia hofu. Lakini miezi mingine miwili ikipita bila mabadiliko yoyote, au usingizi na hamu ya kula vikianza kuondoka, au ukaanza kuona kwamba kuishi hakuna maana, usisubiri daftari. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa ukaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, au kitengo cha magonjwa ya akili pale Muhimbili.

Mpendwa Mshauri,

Natokea Tanga na ninafanya kazi za ndani Muscat, huu ni mwaka wa pili. Zamani nilikuwa nikilia kila nikiongea na mwanangu kwa simu. Siku hizi namsikiliza, namjibu, nakata simu, narudi jikoni, basi. Naogopa kwamba nitarudi nyumbani nikiwa mgeni kwake. Ningependa kuandika, lakini chumba ninalala na mwenzangu, na simu yangu watoto wa tajiri huichezea.

*Mama wa Mmoja, Muscat*

Jibu:

Mama, ganzi yako ina kazi inayokufanyia, nami sitakushauri uivue yote ukiwa bado uko hukohuko ambako unaihitaji ili siku iishe. Ninachotaka usipoteze ni uzi wa mwanao peke yake. Kila mkimaliza kuongea, andika mistari mitatu au minne: neno moja alilosema kama alivyolisema, kitu ulichosikia nyuma yake, iwe ni jogoo, bibi yake akiita au mvua juu ya bati, na mahali mwilini ulipopata badiliko lolote, hata dogo. Usiandike zaidi ya hapo.

Kuhusu siri, kumbuka kwamba faida iko katika kuandika, wala haiko katika kutunza. Andika kwenye karatasi, usome mara moja, uichane uitupe chooni. Kama lugha ya kwenu ni Kisambaa, Kidigo au Kizigua na mwenzako haijui, iandike hiyo, nayo mara nyingi ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo kwa kuwa ndiyo uliyolelewa nayo. Kama hupati hata karatasi, jisemee kwa sauti ya chini unapofua au unapoanika nguo. Sonja Lyubomirsky na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba watu walioandika au kusema kwenye kinasa sauti kuhusu tukio chungu walinufaika kuliko waliolifikiria kimoyomoyo tu, kwa hiyo kuyatoa maneno nje ndilo jambo lenyewe.

Kama kuna mishahara isiyolipwa, kupigwa au kufungiwa ndani, hayo yaandike mbali na haya, kwa tarehe na kiasi, na uyapeleke ubalozi wetu hapo Muscat. Shajara ya moyo haiwezi kuifanya kazi hiyo, na mtu anayeonewa hatakiwi kujitibu ganzi wakati uonevu unaendelea.

Mpendwa Mshauri,

Mke wangu aliondoka mwaka jana na watoto wawili. Mimi ni mwalimu na napenda kuandika, nikaona nifanye hivyo kila usiku ili nielewe kosa lilianzia wapi. Nimejaza madaftari. Nikimaliza ninakuwa mzito kuliko nilivyoanza, na asubuhi nasimama mbele ya darasa nikiwa sisikii lolote, si huzuni wala hasira. Je, niongeze muda wa kuandika?

*Mwalimu, Nakuru*

Jibu:

Hapana, Mwalimu, usiongeze. Acha kwanza.

Barua yako nimeisoma pamoja na kurasa ulizoambatisha, na naona kwamba usiku wa kwanza na usiku wa mwisho vimeandika kikao kilekile cha sebuleni, kwa maneno yaleyale, kikiishia na swali lilelile. Huko si kuikumbuka hisia, ni kuendesha kesi ambayo hakimu hafiki kamwe. Mwaka 2013 David Sbarra wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliotengana na wenzi wao siku za karibuni. Wale ambao tabia yao ni kuyazungusha mawazo wakitafuta maana waliendelea vibaya zaidi walipoagizwa kuandika hisia zao za ndani, na wenzao wa tabia hiyohiyo walioagizwa kuandika tu shughuli zao za siku waliendelea vizuri zaidi. Ninakuweka katika kundi hilo bila kusita.

Kwa wiki tatu au nne zijazo, basi, usiandike neno lolote juu ya ndoa. Andika siku yako kama ilivyokwenda: umeamka saa ngapi, umefundisha nini, mwanafunzi gani amekuchekesha, chai umenywa na nani. Ukiwa tayari kurudi kwenye lile jambo kubwa, jiwekee sharti kwamba kila ukurasa uwe na angalau sentensi moja yenye "kwa sababu" au "sasa ninaelewa" ambayo haikuwepo kwenye ukurasa uliotangulia. Pennebaker alipochambua maandishi ya washiriki wake alikuta kwamba walionufaika ni wale ambao maneno ya sababu na ya kuelewa yaliongezeka siku baada ya siku. Ukurasa usipoleta kitu kipya, funga daftari siku hiyo. Unaweza pia kujaribu kuandika kwa nafsi ya tatu, "Mwalimu alirudi nyumbani akakuta sebule iko wazi," kwa maana umbali huo mdogo humruhusu mtu kuona alichokuwa hakioni akiwa ndani yake.

Na mpigie simu rafiki yako wa kiume ambaye hamjaongea tangu mke alipoondoka. Nina hakika yupo.

Mpendwa Mshauri,

Nimejaribu kuandika, ikanisaidia. Lakini mume wangu anasema kwamba kuandika masikitiko ni kumlalamikia Mungu, na kwamba sala inatosha.

*Bi. S., Unguja*

Jibu:

Bibi, mkumbushe kwa upole kwamba Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, na masikitiko yake aliyapeleka kwa Mola wake, wala hakuhesabiwa kwamba ameasi. Kama neno shajara linamtia shaka, anza ukurasa kwa Bismillahi na uandike kama dua. Swali utakalojiuliza ni lilelile: limenifika nini leo, na limenikaa wapi.

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 24, nasoma Dodoma. Mwaka huu niligunduliwa kuwa na sonona, nikaanza kutumia fluoxetine. Huzuni imepungua na masomo nayaweza, lakini sasa sicheki wala silii. Nilikwenda harusi ya dada yangu nikakaa tu. Nimesoma kwamba shajara hurudisha hisia. Nataka niache dawa nianze kuandika. Waonaje?

*Mwanachuo, Dodoma*

Jibu:

Mwanangu, usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Dawa za kundi hilo zikikatwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, wasiwasi na misisimko kichwani inayofanana na umeme, na kubwa zaidi, sonona yenyewe inaweza kurudi. Fluoxetine hutoka mwilini taratibu kuliko nyingine za kundi lake, jambo ambalo huwadanganya watu, kwa kuwa siku za kwanza wanajiona wazima.

Unachokieleza kinajulikana kwa madaktari. Kufifia kwa hisia ni malalamiko ya kawaida kwa watumiaji wa dawa hizi, na mara nyingi kinarekebishika kwa kubadilisha kipimo au dawa. Lakini ganzi inaweza pia kuwa mabaki ya sonona ambayo haijaisha, na matibabu ya hayo mawili hayafanani: pengine upande mmoja dawa hupunguzwa na upande mwingine huongezwa. Yapo hata mambo ya mwili, kama upungufu wa damu au tezi ya thairoidi kulegea, ambayo humfanya mtu awe mchovu na asiyejali. Daktari hawezi kuyatenganisha akiambiwa tu "sijisikii vizuri", na hapa ndipo daftari lako litakapokuwa na thamani kuliko ulivyodhani.

Liandike kwa ajili yake. Rudi nyuma kadiri unavyokumbuka: kabla ya dawa, ganzi ilikuwepo au ilikuwa huzuni nzito? Ilianza wiki ya ngapi baada ya kuanza kumeza? Ilizidi kipimo kilipoongezwa? Kisha kila jioni weka mistari michache: saa uliyomeza dawa, usingizi, ulichokula, na tukio moja la siku ambalo zamani lingekugusa, pamoja na kilichotokea mwilini lilipotokea. Harusi ya dada yako iandike kwa kirefu, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya kukaa kimya huku ukitamani kucheza na kukaa kimya huku hutamani chochote, na tofauti hiyo daktari atataka kuijua.

Yakikujia mawazo ya kujidhuru, hata kama yanakuja bila huzuni yoyote, usiyaandike ukaishia hapo. Mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali siku hiyohiyo. Kwa kuwa uko Dodoma, Hospitali ya Mirembe iko hapo mjini na hiyo ndiyo kazi yake. Kama hakuna la dharura, omba uonwe mapema zaidi badala ya kungoja tarehe ya kadi, na uende na daftari lenyewe mkononi, maana mbele ya daktari mambo mengi husahaulika.